Friji ikifa ghafla: Okoa chakula, usiweke rehani tumbo la mtoto

Familia nyingi za mjini siku hizi hununua nyama, kuku na samaki wa wiki nzima Jumamosi, kuvifunga kwenye vifuko na kuvipanga kwenye friza. Maharage nayo huchemshwa kilo mbili kwa mpigo. Utaratibu huu unaokoa muda, nauli na mkaa. Shida huja pale friji inapogoma. Akiba ya wiki nzima inakuwa mtihani wa saa chache: nini kipikwe leo, nini kigawiwe, na nini kitupwe hata kama roho inauma.

Wapo wanaotupa kila kitu kwa hofu. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa mwaka 2022 dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani.

Lakini wapo pia wanaokiona chakula kimeanza kuchacha, wakaongeza limao na pilipili, wakakichemsha upya na kukiweka mezani. Hapo ndipo mtoto huumia. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2015 yanasema watoto wa chini ya miaka mitano hubeba asilimia 40 ya mzigo wa magonjwa yatokanayo na chakula, na takriban 125,000 hufa kila mwaka.

Basi mzazi unawezaje kuokoa fedha yako bila kuhatarisha afya ya mwanao?

Funga mlango, andika saa

Ukigundua friji haipoozi, jambo la kwanza ni kuacha kuifungua. Andika saa uliyogundua, kisha waambie watoto na dada wa kazi kwamba mlango haufunguliwi ovyo.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa usalama wa chakula ni kwamba friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa nne. Friza iliyojaa hufikisha saa 48, na iliyojaa nusu saa 24, mradi isifunguliwe. Usizichukue saa hizo kama ahadi. Kama jiko lako ni dogo na ni Februari ya Dar es Salaam au Tanga, kadiria pungufu.

Kama una deli, nunua barafu uhamishie maziwa na nyama humo. Kama jirani ana nafasi kwenye friza yake, mwombe mapema, nyama ikiwa bado ngumu.

Panga kwa hatari, si kwa bei

Wengi huanza kuokoa kilichonunuliwa kwa bei kubwa. Anza na kinachoharibika haraka.

Samaki wabichi, nyama ya kusaga, kuku na maini vipikwe siku hiyo hiyo. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani, au ni baridi kama iliyotoka kwenye friji nzima, unaweza kuipika au kuigandisha tena kwa jirani. Iliyolainika na kupata joto kwa zaidi ya saa mbili, iache.

Maziwa mabichi ambayo bado ni baridi yachemshe. Yakishapoa hadi kuwa vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri, funika, na kesho yake una mtindi.

Vingine havina haraka. Nyanya, vitunguu, viazi, karoti, ndimu na maembe vinakaa vizuri kwenye kapu mahali penye hewa na kivuli. Mayai dukani huuzwa kwenye trei nje ya friji. Yako yaliyokuwa yamepozwa yatumie mapema.

Ukiona nyama ni nyingi kuliko matumbo yaliyopo nyumbani, igawe. Mpelekee jirani, shemeji au mama mkwe ikingali nzima, wala usisubiri ianze kutoa harufu ndipo ukumbuke ujirani.

Moto hausafishi kila kitu

Wengi huamini kwamba chakula kikichemka sana, vijidudu vyote hufa na sumu huisha. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Wali ni mfano mzuri. Mchele hubeba bakteria aitwaye *Bacillus cereus*, ambaye mbegu zake huvumilia moto wa kupikia. Wali ukikaa sufuriani usiku kucha, mbegu hizo huota, bakteria huongezeka na kutengeneza sumu. Bakteria utamuua ukichemsha upya, lakini ile sumu inayoleta kutapika haiharibiki kwa kupasha moto. Kwa hiyo kiporo cha wali kilicholala nje si kifungua kinywa salama, hata kikaangwe na vitunguu.

Samaki nao wana yao. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto hutengeneza kwa wingi kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mlaji anaweza kuwashwa, uso ukawa mwekundu na kichwa kikauma muda mfupi baada ya kula. Wengi hudhani ni aleji, kumbe samaki alikosa ubaridi.

Pua na ulimi navyo si vipimo. Chakula chenye vijidudu vya kutosha kumlaza mtoto kinaweza kuwa na harufu na ladha ya kawaida kabisa. Mwongozo wa WHO ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Siku ya joto kali, saa moja inatosha.

Kumbuka hili pia kwenye kikontena cha shule. Wali na samaki wanaofungwa saa 12 asubuhi na kuliwa saa sita mchana wamepita muda huo mbali. Kipindi hiki mpe viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi hiyo vikavu, chapati, karanga au ndizi.

Maziwa ya mama na dawa

Mama anayekamua maziwa na kurudi kazini aanze na maziwa hayo kabla ya nyama. Yaliyokamuliwa sasa hivi hukaa hadi saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na nyumba zetu nyingi za pwani huzidi hapo. Kwenye deli lenye barafu ya kutosha yanafika saa 24. Yaliyoyeyuka na kufikia joto la chumba yatumike ndani ya saa mbili, na yasigandishwe tena.

Mwenye kisukari asikimbilie kutupa insulini. Aina nyingi zikishafunguliwa hukaa takriban wiki nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 30. Usiiweke juu ya barafu moja kwa moja, kwa sababu ikiganda inaharibika. Muulize mfamasia kuhusu aina unayotumia, pamoja na dawa za maji za watoto zilizochanganywa na maji, kwani baadhi huhitaji friji.

Kuishi bila friji hadi mwisho wa mwezi

Fundi anaweza kutaja bei inayokulazimu kusubiri mshahara. Muda huo nunua kwa siku: nusu kilo ya nyama badala ya mbili, fungu moja la mchicha, maharage ya kuloweka usiku na kumaliza kesho. Pima mchele kwa kikombe kulingana na walaji, ili sufuria isibaki na kitu.

Mabibi zetu walilisha familia kubwa bila friji. Pwani wana ng'onda, samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa juani. Usukumani wana michembe na matobolwa ya viazi vitamu. Wagogo hukausha mlenda wa kutumia kiangazi. Dagaa wakavu wako kila soko.

Kwa mboga na matunda, ipo njia ya vyungu viwili. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, nafasi ya katikati hujazwa mchanga unaoloweshwa kila siku, na juu hufunikwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka huchukua joto, ndani pakapoa. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliieneza kaskazini mwa nchi yake miaka ya 1990. Hufanya kazi vizuri kwenye hewa kavu kama ya Dodoma au Singida. Pwani penye unyevu haisaidii sana. Nyama na samaki visihifadhiwe humo.

Kabla ya kumwita fundi

Jaribu soketi kwa kifaa kingine. Angalia kifaa cha kulinda friji kama kinapitisha umeme. Vingi husubiri dakika chache baada ya umeme kurudi. Kagua mpira wa mlango: ukibana noti na ikatoka bila kukaza, ubaridi unavuja. Futa vumbi nyuma na isogeze mbali kidogo na ukuta.

Usibandue barafu kwa kisu. Ukitoboa bomba, gesi inatoka, na tatizo dogo linakuwa gharama kubwa. Friji nyingi mpya hutumia gesi ya R600a ambayo huwaka, hivyo kazi ya kuchomelea isifanyike karibu na jiko lililowashwa.

Mtoto akiharisha

Mpe ORS mara moja, kidogo kidogo, na endelea kumnyonyesha au kumlisha. Mpeleke kituo cha afya apimwe na apewe zinki, ambayo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Usingoje kabisa ukiona macho yameingia ndani, kinyesi kina damu, anatapika kila anachokunywa, amelegea au hakojoi. Ukifika, mweleze mhudumu mtoto alikula nini, na chakula hicho kilikaa nje ya ubaridi kwa muda gani.