Uzito wa mizani na uzito wa dhahabu: funzo la sarafu ya Tabora

Leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hulipuuza tunapohesabu Zaka: kujua ni dhahabu kiasi gani hasa iliyomo ndani ya kipande tulicho nacho.

Mji wa Tabora umeijua mizani tangu zama za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, pembe za ndovu zikipimwa kwa frasila. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliokuwa wamefungiwa njia ya bahari walipiga mjini humo sarafu za dhahabu za rupia 15, katika karakana ya reli. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, katika mkoa wa Singida wa leo. Upande mmoja uliwekwa picha ya tembo mbele ya mlima. Mwezi Septemba mwaka huo huo Tabora ikatekwa na majeshi ya Wabelgiji.

Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 7.168, lakini si dhahabu tupu. Dhahabu ni asilimia 75 tu, yaani karati 18. Ukizidisha 7.168 kwa 75 na kugawa kwa 100, unapata gramu 5.376 za dhahabu safi. Kilichobaki ni metali nyingine zilizochanganywa ili sarafu iwe ngumu.

Sasa tutazame hukumu. Nisabu ya dhahabu ni mithqali 20, ambazo wanavyuoni wengi wa zama hizi wamezikadiria kuwa gramu 85 za dhahabu safi. Tuseme mtu ameweka akiba ya sarafu 15 za aina hiyo. Mizani itamwonyesha gramu 107.52, naye atadhani nisabu imepita. Kumbe dhahabu iliyomo ni gramu 80.64. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kinachotazamwa ni dhahabu yenyewe, hivyo kwa sarafu hizo peke yake Zaka haijamlazimu. Akiongeza moja, zinakuwa gramu 86.016, zikipitiwa na mwaka, atatoa asilimia 2.5, ambayo ni takriban gramu 2.15.

Kwa dhahabu ya dukani, gawa karati kwa 24, kisha zidisha kwa uzito. Gramu 100 za karati 21 zina gramu 87.5 za dhahabu. Gramu 100 za karati 18 zina 75 tu. Ama mapambo ya halali yanayovaliwa, wanavyuoni wamekhitalifiana: Mahanafi huyatolea Zaka, Mashafi hawayatolei.

Na kipande kisicho na alama je? Mwanachuoni al-Khazini, katika kitabu chake cha Mizani ya Hekima cha mwaka 1121, alieleza namna ya kupima hewani na majini. Gramu 30 za dhahabu safi zikizamishwa hupungua takriban gramu 1.55, zikiwa na robo ya shaba hupungua takriban gramu 2. Lakini pambo lenye vito au lenye uwazi ndani litakudanganya, basi mwendee sonara mwaminifu.

Jambo hili si la Zaka pekee. Siku ya Khaybar, sahaba Fadhala bin Ubayd (R.A.) alinunua kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipovitenganisha, akakuta dhahabu imezidi dinari hizo. Mtume (S.A.W.) akaelekeza kwamba kidani kama hicho kisiuzwe mpaka kitenganishwe.

Basi tujiulize, sisi tunaobadilisha bangili kuukuu kwa mpya, na ndugu zetu wachimbaji wadogo wa Nzega wanaouza vipande vyao: je, tunajua tunachotoa na tunachopokea? Anayekadiria kwa macho huenda akala haki ya maskini, au akamdhulumu mwenziwe, hali anajiona mwema. Surat al-Mutaffifin imetuonya kuhusu vipimo. Hesabu ya dakika chache inatosha kutuepusha na deni la Akhera.