Mbunge Gani Ataanguka Mombasa?

Barazani Mji wa Kale, Mombasa, uchaguzi huanza mapema sana. Baada ya Isha muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe, na kahawa chungu haijapoa mtu ameshasema: "Mheshimiwa hashiki simu siku hizi." Mwenzake huleta habari za basari, wa tatu za maji. Ukiwasikiliza utaamini hakuna mbunge atakayerudi.

Mimi huuliza mambo mawili. Wimbi liko na chama gani? Na je, mpigakura ana pa kwenda bila kukitupa chama anachokipenda?

Shariff Nassir aliingia bungeni 1974, akawa nguzo ya chama cha KANU hapa Mombasa. Mwaka 2002 Najib Balala wa NARC alimshinda katika jimbo la Mvita. Nassir alikuwa yuleyule wa miaka yote. Ila Rais Moi alikuwa anaondoka na nchi nzima imeichoka KANU. Likoni 2017 ilikuwa vivyo hivyo: Masoud Mwahima alihama ODM akaenda Jubilee, na Mishi Mboko akamng'oa kwa tiketi ileile aliyoiacha.

Lakini Kisauni mwaka huohuo ndiko kwenye somo hasa. Rashid Bedzimba hakuhama. Alikuwa na tiketi ya ODM, katika ngome ya ODM, akaangushwa na Ali Mbogo wa Wiper. Kwa nini? Wiper na ODM zote zilikuwa ndani ya muungano wa NASA. Mtu aliweza kumpa Raila Odinga, kiongozi wa ODM na mgombea wa NASA, kura ya urais, kisha kwenye karatasi nyingine akamnyima mbunge wake, na roho yake isimsute kwamba amemsaliti Baba. Mlango wa pili ulikuwa ndani ya nyumba ileile. Mbunge mwenye mlango kama huo ubavuni ndiye wa kuhofia, hata akisifiwa kila harusi na kila matanga.

Malalamiko nayo si kura. Agosti 2022, zaidi ya nusu ya waliojiandikisha Mombasa hawakufika vituoni. Linaniuma hilo, kwa sababu wanaobaki nyumbani mara nyingi ni haohao wenye haki ya kulalamika. Kwa hiyo ukisikia Majengo imekasirika, uliza kwanza wangapi watapanga foleni, na kama hasira hiyo iko pia Tudor, Tononoka na Ganjoni. Mji wa Kale pekee haumwangushi mbunge wa Mvita.

Raila alifariki Oktoba 2025. Zamani hapa, mara nyingi mchujo wa ODM ulikuwa ndio uchaguzi wenyewe. Sasa wenye tiketi hiyo watapimwa bila jina lake juu ya karatasi. Kuelekea 10 Agosti 2027, nitawatazama zaidi watakaoshindwa kwenye mchujo: wanakwenda chama gani, wanaondoka na madiwani wangapi, na kama chama hicho kitakuwa pamoja na ODM kwenye kura ya urais.