Je, Wajua? Ritifaa Inayomficha Mgonjwa

Je, wajua kwamba ritifaa moja tu, ile ya ng'ombe na ng'ambo, inaweza kumficha mgonjwa ndani ya kompyuta? Huku Fizi, mashariki mwa Kongo, majina ya Kibembe kama M'munga na M'mbondo ni ya kila siku. Sasa, lugha inayotumika kuuliza hifadhidata nyingi duniani, SQL, ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM, wakaitangaza mwaka 1974, nayo hutumia alama hiyo hiyo kufungulia neno na kulifunga. Programu iliyoandikwa bila uangalifu ikipewa M'munga hudhani jina limeishia kwenye M. Yale yaliyobaki haiyaelewi, inagoma. Dawa ipo na si ghali: mwandishi wa programu aitenge amri mbali na jina, au ritifaa iandikwe mara mbili.

Kuna lililojificha zaidi. Ritifaa ya kibodi ya kompyuta imesimama wima. Ile ya baadhi ya simu imepinda kama mkia. Kwa macho yetu ni kitu kimoja, lakini kwa kompyuta ni alama mbili, kila moja na namba yake. Kwa hiyo M'munga aliyeandikishwa kwa simu kule Mboko na M'munga aliyeandikishwa kwa kompyuta hapa Baraka wanaweza kuwa mama mmoja, mwenye mimba moja, na majibu yake ya damu yasikutane kamwe.

Je, wajua kwamba kutafuta jina kwa sauti yake badala ya herufi zake kulianza zamani? Mwaka 1918 Mmarekani Robert Russell alipata hataza ya mbinu iliyokuja kuitwa Soundex: herufi ya kwanza inabaki, irabu zinaachwa, konsonanti zinazokaribiana kwa sauti zinapewa tarakimu moja. Nimeijaribu kwa majina yetu. M'munga, Mmunga na Munga yote yanatoa M520, vizuri kabisa. Lakini mbinu hiyo ilitengenezwa kwa masikio ya Kiingereza: L ni 4 na R ni 6. Wilondja anapata W453, Wirondja W653, nao huku ni mtu yule yule, inategemea nani kashika kalamu. Anayetengeneza programu ya labo zetu lazima aanze na sikio la hapa.

Na majina yetu ni matatu. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya ubatizo, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Sese Seko. Watu wakajaza pengo kwa jina la nyongeza, lile tunaloliita postinomu. Ya ubatizo yaliporudi, nyongeza haikuondoka. Ndiyo maana mzee mmoja anaweza kuwa na majina mawili katika rejista ya zamani, matatu katika mpya, na mpangilio umegeuzwa.

Je, wajua kwamba Fizi imewahi kuona watu wakiitwa kwa namba, tena za Kiswahili? Tarehe 24 Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akashukia Kibamba. Ili kuficha majina, Wacuba wa kwanza waligawiwa namba: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che, aliyekuwa mkuu wao, akawa Tatu. Asiyejua hangeweza kumtambua mkuu kwa namba hiyo, na namba ya mgonjwa inatakiwa iwe hivyo hivyo, isiseme lolote juu ya mwenyewe. Jibu la ukimwi au la makohozi si habari ya sokoni. Tena namba humtenganisha mtu na wajina wake. Ila ikiwa rejista inaanza upya kila Januari, 147 peke yake ni watu wengi. 147 ya mwaka 2024 ni mmoja.

Tarehe nazo zina mtego. Hapa 05/04 ni tano Aprili. Kwa Mmarekani ni nne Mei. Kanuni ya kimataifa ISO 8601, ya mwaka 1988, hutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-04-05. Uzuri wake ni kwamba ukizipanga kama maneno ya kawaida, zinajipanga zenyewe kwa wakati. Programu ya Excel imesumbua hata mabingwa: ilikuwa ikigeuza jina la jeni SEPT1 kuwa tarehe ya Septemba, hadi wanasayansi wakaamua kulibadilisha jeni jina, likawa SEPTIN1. Na mwaka 2020 Uingereza ilichelewa kuhesabu wagonjwa 15,841 wa korona kwa sababu faili la aina ya zamani lilikuwa limejaa, halipokei mistari zaidi.

Je, wajua kwamba penseli hushinda kalamu ya wino? Pwani hii ya ziwa, kutoka Uvira hadi Kalemie, ni makazi ya kipindupindu, na sampuli husafiri mbali ili kuthibitishwa. Ndani ya Cary-Blair, mchanganyiko wa kusafirishia sampuli uliotangazwa mwaka 1964, kijidudu hukaa hai siku kadhaa bila friji. Lakini tazama kichupa kikiwa kimelowa: wino umetiririka, namba imekuwa doa la buluu. Kijidudu ki hai, jibu limekufa, kwa kuwa halina mwenyewe. Penseli haiyeyuki kwa maji wala kwa spiriti. Watunza makumbusho wanalijua hilo. Lebo huingizwa ndani ya chupa pamoja na samaki. Na ukitafuta samaki wa Tanganyika waliokusanywa na Wabelgiji mwaka 1946 na 1947, usiandike Kalemie tu. Andika na Albertville, jina lake la zamani.

Ndugu msomaji, ukienda labo, tamka jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi yako ya kura, ritifaa ikiwemo. Na fishi yako usiifungie maandazi.