Pikipiki Ndani ya Tela

Majira ya joto yakiwadia, baadhi ya jamaa zetu wa Fairfax hushika barabara ya I-66 kuelekea milima ya Shenandoah, wakivuta tela lenye vitanda na jiko mbele na nafasi ya pikipiki nyuma. Wapo wadhanio kuwa stendi na kamba moja vyatosha. Havitoshi.

Tairi la mbele litiwe katika kishikio cha chuma kilichokazwa sakafuni, stendi ikunjwe, kisha mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, ivutwe kwa mshazari hadi kwenye pete za sakafu. Ile ya mbele ifungwe chini ya usukani, kwenye chuma kinachoshika springi, wala si kwenye mishikio ya mikono. Ikazwe hadi springi zibonyee, lakini zisifike mwisho. Baada ya maili chache simameni, mkaze tena.

Linalotutia hofu zaidi ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka penye moto wa jiko. Safarini, gesi ifungwe. Jioni, pikipiki zitolewe nje na tela lipitishwe hewa kabla watoto hawajalala.