NYAMA ILIYOBAKI JANA: NAMNA WATU WA TEXAS WANAIGEUZA CHAKULA CHA JIONI



Kila mmoja wetu anaijua siku inayofuata karamu. Bifteki ya kuchoma imebaki vipande vichache, imekuwa baridi na imekauka, na mama anauliza: «Hii sasa tufanye nayo nini?» Wengine wanampa imbwa. Wengine wanaichemsha saa nzima mpaka inakuwa sawa kamba ya viatu.

Kwetu nyumbani, mwaka uliopita, tulifanya vibaya kuliko hao wote. Nyama ya ndoa ililala katika sufuria pa meza, usiku mzima, juu ya kuwa frigo haikuwako. Asubuhi tuliipasha moto, tukakula. Watu watatu waliumwa, na mdogo wangu alilala hospitali siku mbili. Tangu siku ile nilianza kuuliza: wale wanaojua kupika nyama iliyobaki wanafanya namna gani? Ndiyo sababu ninaandika habari ya chakula kinachoitwa Tex-Mex.

Jina na asili yake

Texas ni jimbo la Marekani, lakini mpaka mwaka 1836 lilikuwa sehemu ya Meksiko. Liliingia katika Marekani mwaka 1845. Mpaka ulihama, watu wengi hawakuhama. Walibaki na vyungu vyao, maharage yao na pilipili yao, na kidogo kidogo mapishi yao yalichanganyika na nyama mingi ya ng'ombe, unga wa ngano na fromaji ya jirani zao. Mchanganyiko huo ndio Tex-Mex: Tex ni Texas, Mex ni Meksiko.

Chakula chake kinachojulikana sana ni fajita. Neno hili ni la Kispanyola, maana yake mkanda mdogo. Ni ile nyama nyembamba na ndefu iliyo ndani ya mbavu za ng'ombe, inayotenga kifua na tumbo. Ni ngumu, na matajiri hawakuitaka. Wachunga ng'ombe wenye asili ya Meksiko, karibu na mto Rio Grande, mara nyingi walipewa hiyo, pamoja na kichwa na matumbo, kuwa sehemu ya malipo yao. Hawakuitupa. Waliichoma pa makala, wakaikata nyembamba, wakaifunga katika mkate mwembamba uitwao tortilla.

Mwaka 1969 mchinja nyama mmoja, Sonny Falcon, alianza kuuza fajita katika sikukuu ya mji mdogo wa Kyle. Mwaka 1973, kule Houston, mjane mwenye watoto watano, Ninfa Laurenzo, aliona kiwanda chake cha tortilla hakiendi vizuri. Aliweka meza kumi mbele ya kiwanda, akauza nyama ile ya kuchoma ndani ya tortilla. Watu walikuja wengi, na nyumba yake ya chakula ikawa na jina kubwa. Kisha bei ya nyama ile ikapanda sana, hata wale waliokuwa wanapewa bure walianza kuiona ghali!

Sababu gani nyama ya jana inakuwa ngumu?

Nyama ni nyuzi nyingi zilizolala pamoja, sawa nyuzi za kamba. Moto wa kwanza ulikwisha kuzikaza na kutoa maji yake. Ukiipika tena wakati mrefu juu ya moto mkali, maji yanayobaki yanatoka pia. Kwa hiyo kuna sheria mbili. Ya kwanza: ukate nyembamba, na kisu kipite kukata nyuzi, kisizifuate. Hivyo meno yako yanakuta nyuzi fupi. Ya pili: nyama iingie pa moto mwisho kabisa, kisha kila kitu kingine kimeiva.

Vinavyohitajika (watu wanne ao watano)

– bifteki iliyobaki, nusu kilo
– vitunguu viwili vikubwa, na pilipili tamu (puavro) mbili
– nyanya tatu, pilipili kali moja, ndimu mbili, chumvi
– maharage yaliyoiva, sahani moja
– bizari nyembamba, nusu ya kijiko kidogo
– unga wa ngano gramu 250 na mafuta vijiko vitatu vikubwa

Namna ya kufanya

1. Tortilla. Changa unga, chumvi kidogo na mafuta. Tia maji ya vuguvugu polepole, ukande mpaka iwe laini. Uache ipumzike nusu saa. Fanya matonge manane, uyasukume na chupa mpaka yawe membamba sana. Pika pa kikaango kikavu chenye moto: dakika moja upande wa kwanza, nusu dakika upande wa pili. Si sawa chapati, maana mafuta hayawekwi pa kikaango. Zifunge katika kitambaa safi, zisikauke.

2. Nyanya. Kata nyanya, nusu ya kitunguu kimoja na pilipili kali vidogo vidogo. Tia chumvi na maji ya ndimu moja. Haipikwi.

3. Maharage. Yaponde na mwiko katika mafuta ya moto kidogo mpaka yawe mazito.

4. Nyama. Kaanga vitunguu vilivyobaki na puavro katika moto mkali mpaka pembeni zianze kuwa nyeusi. Tia bizari, kisha nyama. Geuza dakika mbili tu. Kwa sababu vipande ni vyembamba, joto linaingia upesi mpaka ndani. Uone moshi unatoka katika kila kipande. Ondoa, kamulia ndimu ya pili.

Kila mtu anajifungia yake: tortilla, maharage, nyama, nyanya. Mwenye avoka ao fromaji aongeze. Nusu kilo ya nyama, ile ingeshibisha wawili, inatosha watu watano.

Mbona ngano na si mahindi?

Mahindi, nyanya, pilipili, maharage na avoka, vyote asili yao ni Amerika. Vilifika kwetu kwa meli kisha mwaka 1492. Ng'ombe, ngano, vitunguu na ndimu vilipita njia ingine kwenda kule. Basi bukari yetu na tortilla ya mahindi ni ndugu. Lakini watu wa Meksiko wanachemsha mahindi na chokaa, wanayalaza usiku, wanayaosha, ndipo wanayasaga. Chokaa inafanya unga ushikane, tena inafungua vitamini moja iliyofungwa ndani ya mahindi. Mtu anayekula paka mahindi bila kazi hiyo, na bila chakula kingine, anaweza kushikwa na ugonjwa wa pelagra. Unga wetu wa bukari haukupita katika chokaa, kwa hiyo hautafanya tortilla: utapasuka.

Neno la mwisho, na ndilo kubwa

Hakuna pishi linaloweza kuponya nyama iliyoharibika. Nyama iliyopikwa isikae nje kupita saa mbili. Kukiwa joto sana, saa moja tu. Katika frigo inaweza kukaa siku tatu ao ine. Na msidanganyike kwamba moto unaua kila kitu: vijidudu vingine vinaacha sumu katika nyama, na sumu ile moto wa jikoni hauiondoi. Harufu pia haisemi kweli sikuzote. Nyama yetu ya ndoa haikunuka.

Kama hamna frigo, basi msingoje kesho. Fanyeni fajita jioni ileile, mwite na jirani. Vile nyama haitalala, na hakuna atakayelala hospitali.

Mwanafunzi wa darasa la tano