Kutoa Hakungoji Mshahara

Wahenga walinena: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa isimu maana ya ‘usambe’, na aghalabu darasa zima hunyamaza. Neno hilo latokana na kitenzi cha kale ‘amba’, yaani kusema. Wahenga wanatukanya tusiseme kwamba utoaji ni kazi ya matajiri.

Neno tumelisahau, na nachelea kuwa hata funzo lake limetuponyoka. Mwanafunzi wa chuo kikuu akiombwa msaada hujibu, “Ngoja nipate kazi.” Simlaumu. Mkopo huchelewa, kodi ya chumba yadaiwa, na nyumbani wadogo zake wanamtazamia yeye.

Hata hivyo, utafiti umewaunga mkono wahenga. Mwaka 2008, Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Washiriki 46 walipewa asubuhi ama dola 5 ama dola 20, wazitumie kabla ya saa kumi na moja jioni. Baadhi waliagizwa kujinunulia watakacho. Wengine, kumkirimu mtu au kuchangia wahitaji. Jioni, waliotoa ndio waliokuwa na furaha zaidi, na kiasi hakikuleta tofauti yoyote. Ajabu ni kwamba wanafunzi wengine walipotakiwa kubashiri matokeo, wengi walidhani kinyume chake. Mwaka 2013, wanafunzi wa jirani zetu Uganda, sawa na wenzao wa Kanada, walionyesha kuwa kukumbuka tu fedha walizotumia kwa ajili ya mwingine kuliwafurahisha kuliko kukumbuka walizojitumilia.

Lakini moyo haulazimishwi. Mchango unaodaiwa kwa orodha iliyobandikwa mlangoni, majina ya wasiotoa yakianikwa, ni kodi. Nayo kodi haijamchangamsha mtu.

Namkumbuka mwanafunzi wangu mmoja, mwenye deni la karo, aliyemsomea mwenzake asiyeona maandishi ya mihadhara kila jioni. Nilimuuliza anafaidi nini. Akatabasamu: “Mwalimu, hiyo ndiyo saa ambayo silikumbuki deni langu.”

Deni halikufutika kwa hilo, wala sisemi umaskini utibiwe kwa ukarimu. Nasema tu kwamba kijana huyo hakungoja mshahara ndipo aonje furaha. Enyi walimu wenzangu na wanafunzi, sisi twangoja nini?