Teksi Ikisimamishwa, Tajiri Ndiye Anayeumia

Mwenye teksi 20 hawezi kuziendesha zote. Huzikodisha kwa madereva, akangoja hesabu yake ya wiki. Pedi za breki zikiisha, dereva atasema hiyo ni kazi ya tajiri. Tajiri naye atasema hakuambiwa. Katika mvutano huo, anayepakiwa kwenye gari bovu ni abiria.

Huko England na Wales, nje ya London, sheria ya mwaka 1976 ilikata mzizi wa fitina: gari lina leseni yake, mbali na ya dereva, na mmiliki ndiye anayewajibika kwa halmashauri iliyoitoa. Anaweza kutakiwa kulipeleka gari kukaguliwa hadi mara 3 katika miezi 12. Likipata ajali ikaharibu usalama au mwonekano wake, ana saa 72 tu za kutoa taarifa.

Makali yenyewe yako kwenye ukaguzi wa kushtukiza. Ofisa wa halmashauri hufika kituoni, akachuchumaa kando ya gurudumu na kuchomeka kipimo kwenye mifereji ya tairi. Kina kisipungue milimita 1.6. Kwa nje tairi laweza kuonekana zima, lakini ukipapasa upande wa ndani unakuta kipara. Ofisa asiporidhika anaandika notisi, na leseni ya gari inasimama mpaka likaguliwe upya. Miezi 2 ikipita bila yeye kuridhika, leseni huhesabika imefutwa.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye nguvu. Tajiri wa magari mengi faini huiweka kwenye gharama za biashara, pamoja na mafuta. Gari lililosimama haliingizi hata senti.

Tatizo ni mipaka. Gari la kuitwa kwa simu au programu laweza kukatiwa leseni katika mji mmoja, tuseme Wolverhampton, likafanya kazi mji mwingine kabisa, na ni halali. Polisi anaweza kulisimamisha. Ofisa wa halmashauri ya mji huo hawezi, isipokuwa amepewa idhini na halmashauri iliyotoa leseni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uishiye huko, ukipanda teksi yenye mkanda usiofunga, soma kibao cha leseni kilicho nyuma ya gari. Andika namba na jina la halmashauri, kisha peleka malalamiko kwa halmashauri hiyo, hata kama iko mbali na unapoishi. Hiyo ndiyo inayoweza kuifuta leseni.